Shilingi 20,000 nilizomnyima fundi

Fundi alisema 40,000. Nikamtazama kwa jicho lile ambalo watoto wa Lushoto wamelijua kwa miaka 34, akashuka mwenyewe: 30,000, kisha 25,000, tukamalizana kwa 20,000. Nikarudi ndani kuchemsha chai nikijiona mjanja. Miezi minne baadaye ujanja ule ulinitoa shilingi 320,000, na kabla sijajua kosa ni la nani nilikuwa nimeshamtukana mtu asiyehusika.

Naandika haya kwa sababu kila yanapozuka mazungumzo ya spea, iwe kwenye daladala au msibani, wimbo ni mmoja: spea feki zimetumaliza. Feki zipo, sibishi. Lakini nina hoja yangu, nayo nimeilipia. Sisi wenye magari tunalinunua jina lililo kwenye boksi kwa heshima zote, halafu mkono unaolifunga tunaupa chenji iliyobaki. Spea nzuri ikifungwa vibaya haimalizi mwaka. Ikifa tunaizika kwa jina la feki, na fundi, muuzaji na sisi wenyewe tunarudi nyumbani bila kujifunza kitu.

Gari langu ni Toyota Hilux Surf ya mwaka 1999, la dizeli. Lilitoka Japani likiwa tayari limetumika, likapita kwa watu wawili Tanga mjini, kisha likaangukia kwangu mwaka niliostaafu ualimu, kiinua mgongo kikiwa bado cha moto. Mtu wa mjini anaweza kuona ni anasa kwa mwalimu wa shule ya msingi. Aje apande kutoka Mombo hadi Lushoto, kona juu ya kona, halafu aendelee na njia ya vumbi mpaka Mlalo au Mtae wakati wa masika, ndipo tuzungumze habari za anasa. Mara moja kwa wiki nawashushia dada zangu karoti na viazi hadi Mombo. Magunia manne, na si lumbesa. Nina mizani yangu.

Ugonjwa ulianza kwa kuyumba. Kwenye kona za Soni nyuma ya gari ilikuwa inataka kwenda njia yake. Nikivuka tuta, gari linainamisha kichwa mara tatu, mara nne, kama mzee anayekubaliana na kila hoja kikaoni. Kisha nikaona tairi za nyuma zinaliwa kwa mabaka: ukipitisha kiganja juu yake unahisi milima na mabonde, hapa mpira umekwisha, hapa upo. Nikafanya kipimo ambacho kila mtu anaweza kukifanya bila kulipa senti. Nilikandamiza bampa ya nyuma kwa uzito wangu wote, nao si haba, nikaachia ghafla. Gari zima hupanda mara moja likatulia. Langu lilipanda, likashuka, likapanda tena, likashuka. Nikachungulia uvunguni kwa tochi ya simu: shokapu zote mbili zimelowa mafuta, na vumbi limegandamana juu yake kama unga kwenye andazi bichi.

Wenye kamusi wana majina yao ya kifaa hiki. Sisi huku, kama wenzetu wa Kariakoo, tunakiita shokapu, na ndivyo nitakavyokiita.

Nilifundisha sayansi, kwa hiyo mnivumilie kidogo. Chukua bomba la sindano la plastiki, uondoe sindano, ujaze mafuta ya kula. Sukuma polepole: mafuta yanatoka kwa upole. Sukuma kwa hasira: mkono unagomewa. Ndani ya shokapu kuna pistoni yenye vitundu na vali, imezama kwenye mafuta. Kila gurudumu linapopanda na kushuka, mafuta yanalazimika kupenya kwenye vitundu vile, na kule kugoma kwake ndiko kunakotuliza mchezo wa springi. Nguvu ya mchezo huo inageuka joto. Ndiyo maana ukimaliza njia mbaya ukazigusa shokapu za nyuma, ile nzima ina joto na ile iliyokufa imebaki baridi. Haijafanya kazi yoyote.

Sasa sikilizeni jambo ambalo nusu ya madereva wa milimani hawalijui, na mimi nililisahau siku niliyolihitaji: shokapu haibebi mzigo. Anayebeba ni springi. Kazi ya shokapu ni kuizuia springi isiendelee kuchezacheza baada ya kushtuliwa. Surf za umri wa langu zinajulikana kwa kuchuchumaa nyuma. Springi zimechoka, makalio yamekaribia ardhi hata gari likiwa tupu. Jirani yangu akanishauri niweke shokapu ngumu za mizigo, gari litanyanyuka. Nikamwamini, mimi niliyechora springi ubaoni kwa chaki za rangi. Shokapu zikaja, zikafungwa, na makalio yakabaki palepale.

Msidhani ni suala la starehe tu. Tairi linaporuka juu ya mashimo bila kitu cha kulituliza, kuna vipande vya sekunde linakuwa hewani au limeigusa barabara kwa ncha tu. Tairi lililo hewani halifungi breki wala halikati kona. Kwenye tambarare za Korogwe hilo linaweza kupita bila kukudhuru. Kwenye kona za Soni upande mmoja una mwamba na upande wa pili una korongo.

Basi nikaanza kutafuta. Siku tatu nzima nilikaa na simu, nikawauliza wauzaji watatu wa Kariakoo na mmoja wa Tanga. Nikajifunza kutazama boksi: maandishi yamenyooka au yamepinda, stika inang'aa au imefifia, namba ya boksi inafanana na iliyogongwa kwenye chuma au la, risiti ya EFD ipo au tunaambiana "mama, tuaminiane". Nikasoma hata historia. Ile ambayo Kariakoo wanaiita Kayaba, na boksi linaandikwa KYB, ni jina la Mjapani Shiro Kayaba aliyeanzisha karakana yake mwaka 1919. Kabla ya magari, kampuni yake ilitengeneza vifaa vya mafuta vya kupunguza kishindo kwenye miguu ya ndege. Monroe ya Marekani ilianza mwaka 1916 kwa pampu za kujazia tairi upepo. Bilstein ya Ujerumani ndiyo iliyoziweka shokapu za gesi kwenye Mercedes-Benz mwaka 1957, ikitumia ugunduzi wa Mfaransa aliyeitwa de Carbon. Nilielewa na sababu ya gesi yenyewe. Mafuta yakipigwapigwa kwa muda mrefu yanatoa povu, kama mayai unayoyapiga kwa uma, na povu linapita kwenye vitundu bila kugoma. Naitrojeni iliyoshindiliwa ndani ya shokapu inayabana mafuta yasifanye povu.

Nilijua yote hayo. Nilijua mwaka kampuni ilipoanzishwa, upande wa pili wa dunia. Sikujua bolti ya chini inakazwa gari likiwa juu ya jeki au likiwa limesimama kwa miguu yake. Na sikumuuliza mtu, kwa sababu haikunipitia akilini kwamba kukaza bolti kunaweza kuwa swali.

Shokapu zikafika kwa basi la asubuhi, mbili ndani ya maboksi yao, nikazipokea Mombo kama napokea mgeni. Jozi moja na nauli yake, 320,000. Jina kubwa, risiti halali. Siku iliyofuata fundi akaja na begi lake la spana, tukaliingiza gari chini ya mkaratusi nyuma ya nyumba.

Ni kijana wangu. Nilimfundisha darasa la tano na la sita, mtoto mtulivu, mwandiko mzuri. Akapiga jeki chini ya chesisi, akafungua magurudumu, akaingia. Bolti za chini zilitoka kwa kelele lakini zilitoka. Shughuli ilikuwa juu. Kwenye Surf, shokapu ya nyuma inaning'inia kwa rodi yake: ncha ya rodi inapita kwenye tundu la chesisi, inawekwa mipira na washa, halafu nati moja. Nati hiyo imejificha kati ya chesisi na bodi. Ukiingiza spana inazunguka kidogo tu, inagonga chuma, unaitoa, unaigeuza, unairudisha. Na kwa kuwa kutu imeishika, ukizungusha nati na rodi yote inazunguka nayo. Akaikamata rodi kwa plaizi ile kubwa yenye meno, akaibana, ikasimama, nati ikatoka. Mpaka hapo hakuna kosa. Shokapu ile ilikuwa inakwenda kutupwa.

Halafu akapandisha mpya. Nati mpya ni ya kujibana, ina plastiki ndani ili isilegee njiani, kwa hiyo nayo inaizungusha rodi. Akafanya alichotoka kufanya dakika kumi zilizopita: plaizi, meno, bana, kaza. Nilikuwa nimesimama pembeni na kikombe cha chai mkononi. Nilisikia sauti ya chuma kuuma chuma na sikujua nasikia nini. Akakaza za chini, difu likiwa bado linaning'inia. Dakika 50, kazi zote mbili kwisha. Nikamsifu kwa wepesi wake. Nikampa 20,000 yake na kipande cha muhogo.

Miezi minne. Kwanza gari lilikuwa zuri sana, nikawa nawahadithia watu. Kisha ikaja sauti nyuma kulia, ko, ko, ko, kila nikipita kwenye rasta za barabara kuu. Nikachungulia. Shokapu ya kushoto imelowa mafuta kama ile ya zamani. Ya kulia ni kavu, lakini bushi yake ya chini, ule mpira ulio ndani ya jicho la chuma, imechanika nusu duara.

Nikampigia muuzaji. Sitayarudia niliyoyasema, mtu aliyefundisha maadili hapaswi kuwa na msamiati ule. Nikamwambia ameniuzia feki, nitampeleka panapohusika, risiti ninayo. Aliningoja nimalize. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea: "Mama, naomba uifungue hiyo ya kushoto, uipige picha rodi yake. Ile sehemu inayong'aa, ya juu kabisa."

Boda boda mmoja hapa mtaani akanifungulia. Nikaifuta rodi kwa kitambaa. Inang'aa kama kijiko kipya, isipokuwa karibu na ncha kuna alama sita, saba, fupi, zimepangana kama kucha za paka. Nikapiga picha, nikatuma. Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini: "Hayo ni meno ya plaizi, mama. Rodi ina ngozi laini ya kromu, inapita kwenye sili maelfu ya mara kwa siku moja ya safari. Kila ikipita, hiyo mikwaruzo inaikata sili kama msasa. Na ile nyingine, bushi mlizikaza gari likiwa juu?"

Niliomba radhi. Akacheka, akasema kila wiki anapigiwa simu kama yangu, na wanaoomba radhi ni wachache.

Nikamwita fundi. Alikuja jioni, akavua kofia mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone."

Nikampa rodi. Akaigeuza kwenye mwanga wa taa, akapitisha kidole gumba, akanyamaza.

"Nilishika kwa plaizi."

"Najua. Kwa nini?"

Akakaa juu ya tairi la akiba. "Huku juu ya rodi kuna ubapa, Mwalimu. Umechongwa ili ushikwe kwa spana ndogo. Ila pale hapafikiki. Unashika kwa spana ndogo mkono huu, unazungusha kidogo kidogo kwa mkono huu, nusu saa kila upande. Na nati za zamani zilitakiwa zimwagiwe dawa ya kutu jana yake, gari lilale. Kwa elfu ishirini gari haliwezi kulala kwangu. Siku ile nilikuwa na wawili wananisubiri stendi."

Sikuwa na la kujibu. Nusu saa kila upande. Ndiyo hiyo niliyoipunguza kwa jicho langu la ualimu nikidhani napunguza faida ya mtu. Fundi hana bohari la faida la kunipunguzia. Ana saa zake tu, na mimi nilipopunguza bei yeye akapunguza saa, kimyakimya, mahali ambapo nisingeona.

Lakini kulikuwa na la pili, na hili si la bei. Nikamuuliza bolti za chini alizikaza gari likiwa wapi. "Juu ya jeki," akasema, kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. Aliyemfundisha alifanya hivyo. Yeye alishika tochi kwa miaka miwili, kisha akashika spana, na muda wote huo hakuna aliyemwambia kwa nini jambo lolote linafanywa lilivyofanywa. Alitazama mikono tu.

Basi tukarudi darasani, pale pale uani. Bushi ni mpira uliogandishwa kwenye bomba la chuma. Ukikaza bolti, bomba hilo linabanwa, haliwezi tena kuzunguka. Kinachojisokota gari linapopanda na kushuka ni mpira wenyewe, kidogo huku, kidogo huku. Sasa ukiikaza bolti gurudumu likiwa linaning'inia, umeuambia mpira kwamba huko kuning'inia ndiko kwake. Ukilishusha gari chini, mpira unasokotwa na kubaki umesokotwa hata gari likiwa limeegeshwa. Ni kama mtu umemfunga shingo akiwa anatazama bega lake, halafu unamwambia atembee mbele maisha yake yote. Lazima achanike mahali.

Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hata za mbele nilizofunga mwaka jana kwa yule wa hospitali." Akaanza kuhesabu magari kwa vidole.

Nikaagiza jozi nyingine, maana shokapu hubadilishwa mbili mbili. Upande mmoja ukiwa mpya na mwingine umechoka, gari linaegemea kwenye kona kama mlemavu asiye na fimbo. Zikafika. Safari hii sikuuliza bei. Niliuliza hatua, fundi akanitajia, nikaongeza moja niliyoisoma kwenye karatasi ya picha iliyokuwa ndani ya boksi, tukakubaliana 60,000.

Jioni ya kwanza alimwagia nati zote dawa ya kutu, akasugua kwa brashi ya waya, akaondoka. Asubuhi alipiga jeki, kisha akaweka stendi za chuma chini ya chesisi pande zote mbili, maana jeki hunyanyua tu, haiaminiki kumlinda mtu aliye uvunguni. Na jeki yenyewe akaibakiza chini ya difu ili difu lisidondoke na kuvuta mpira wa breki. Akazitoa shokapu mpya, akazisimamisha wima, akazisukuma na kuziachia mara nne, tano, ili hewa iliyojipenyeza zikiwa zimelazwa ndani ya boksi ipande juu. Rodi hakuigusa hata kwa vidole vichafu. Juu alitumia spana mbili, nyembamba aliyoiazima na ya kwake, robo kwa robo, jasho linamtiririka, mpaka mipira ikavimba kufikia ukingo wa washa, akasimamia hapo. Chini aliingiza bolti na kuzifunga kwa mkono tu. Magurudumu, stendi nje, gari chini. Tukairukia bampa mimi na yeye kama watoto, gari likatulia. Hapo ndipo alipolala chali na kuingia uvunguni kukaza bolti za chini, uzito wote wa gari ukiwa juu ya magurudumu. Surf iko juu, mtu anaingia bila kusumbuka. Kukaza kwenyewe kulichukua dakika tano. Dakika tano hizo ndizo zilizokuwa tofauti ya miezi minne na miaka.

Saa mbili na nusu zilikwisha. Leo ni mwezi wa kumi na nne, kavu. Makalio bado yako chini, springi naziwekea akiba.

Najua mtakaloniambia. Mtasema mafundi ni wale wale, ukiwapa 60,000 watafanya kazi ya 20,000. Wapo. Kwa hao dawa si kupunguza bei, ni kulipia hatua. Muulize fundi kabla hajagusa spana: nati za juu utazishikaje zisizunguke? Za chini utazikaza gari likiwa juu au chini? Utalisimamisha gari juu ya kitu gani ukiwa uvunguni? Anayejua atajibu bila kufikiri, na atakuheshimu. Asiyejua atakasirika, nawe utakuwa umejua mapema, kabla ya boksi kufunguliwa.

Mtasema hali ni ngumu, watu hawana hiyo 60,000. Mimi nilikuwa sina 20,000 za kuongeza, ila 320,000 zilipatikana nilipolazimika. Maskini ndiye hasa asiyeweza kumudu kazi ya bei rahisi. Kama mfuko hautoshi, heri kununua jina la kati na kulipia ufundi kamili, kuliko jina kubwa na ufundi wa haraka.

Nanyi wauzaji wa Kariakoo, mna deni dogo. Karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi imeandikwa kwa lugha za walioitengeneza. Nusu ukurasa wa Kiswahili, uliotolewa kopi kwa shilingi 100 na kutiwa ndani ya kila mfuko, ungewapunguzia simu za matusi kama yangu. Usishike rodi kwa plaizi. Kaza za chini gari likiwa chini. Sentensi mbili tu.

Na vijana wenyewe, wale walioshika tochi miaka miwili, wana mlango. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunza mtaani: anapimwa alipo, anajaziwa mapengo, anapewa cheti. Kijana wangu alikuwa akiona utaratibu huo ni wa watu waliofeli. Nimemwambia yeye hakufeli, alifundishwa nusu, na mwalimu aliyemfundisha nusu nyingine ya maisha yake ndiye aliyempunguzia ujira. Fomu ameichukua. Nauli ya kwenda Tanga tutasaidiana.

Ile shokapu ya kushoto sikuitupa. Niliipeleka shuleni kwangu kwa zamani, mwalimu wa sayansi akaniruhusu nikae na darasa la tano kwa kipindi kimoja. Tukaanza na bomba la sindano na mafuta ya kula, wakalowesha madaftari. Kisha nikawapitishia rodi, kila mmoja apitishe ukucha taratibu kuanzia chini. Unateleza, unateleza, halafu karibu na ncha unakwama, tik, tik, tik. Binti mmoja wa kiti cha nyuma aliurudisha ukucha mara tatu.

"Mwalimu, hii ilikuwa shilingi ngapi?"

Nikamuuliza: shokapu, au mikwaruzo?